Kufundisha Kiingereza Japani bila kuitupa baiskeli: Mambo ampasayo mwalimu kuyafahamu

ZAMANI katika vijiji vingi vya Kenya, mwalimu alitambulika kwa baiskeli yake hata kabla ya kutambulika kwa chaki. Iliegemezwa kwenye ukuta wa ofisi asubuhi, na siku ilipokosekana wanafunzi walijua mwalimu hayupo. Siku hizi pikipiki na matatu zimeichukua nafasi hiyo. Hata hivyo, iko nchi ya mbali ambako ualimu na baiskeli vingali vinaandamana, nayo ni Japani.

Maelfu ya vijana kutoka mataifa mbalimbali wamekwenda huko kufundisha Kiingereza, na wengi wao hujikuta juu ya baiskeli katika wiki ya kwanza, wapende wasipende. Kwa yule ambaye tayari alikuwa mpenzi wa mchezo huo nyumbani, hii ni fursa adimu ya kuchuma mshahara na kuendeleza uraibu wake kwa wakati mmoja. Lakini fursa hiyo ina masharti. Asiyeyajua huweza kupoteza fedha, viza, au hata uhai.

Suala hili lina uzito kwa Wakenya. Walimu wengi waliohitimu husubiri kwa miaka kabla ya kuajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), na kazi za ng'ambo huwavutia. Ni muhimu basi kueleza kazi yenyewe ni ipi, nani hukubaliwa, na maisha ya magurudumu mawili huko yanaendeshwaje.

KAZI YENYEWE

Mpango mkubwa na wa kutegemewa zaidi ni ule ujulikanao kama JET, ulioanzishwa na serikali ya Japani mwaka 1987. Mwaka huo walipokelewa vijana 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Kufikia 2002 idadi ya washiriki ilikuwa imepita 6,000, nao walitoka katika nchi nyingi zaidi. Zaidi ya asilimia 90 ya washiriki huwa ni walimu wasaidizi wa lugha.

Neno "msaidizi" halina budi kuzingatiwa. Mgeni huyo hakabidhiwi darasa peke yake. Yeye husimama pamoja na mwalimu Mjapani, akasoma matini kwa sauti, akasahihisha matamshi, akaongoza mazungumzo na michezo ya lugha. Mtihani, alama na nidhamu ni jukumu la mwenyeji. Mwalimu aliyezoea kulitawala darasa la wanafunzi 60 huweza kuona kwamba ameshushwa cheo. Anayefaulu ni yule anayekubali kwamba kazi yake ni kuitia uhai lugha ambayo wanafunzi wamezoea kuiona vitabuni tu.

Tangu Aprili 2020, Kiingereza ni somo rasmi katika darasa la tano na la sita la shule za msingi za Japani, na shughuli za kuwazoesha watoto lugha ya kigeni huanza katika darasa la tatu. Kwa hivyo, msaidizi mmoja huenda akagawiwa shule kadhaa, leo hapa na kesho pale. Hapo ndipo baiskeli inapoanza kuwa kifaa cha kazi.

Mkataba wa JET ni wa mwaka mmoja, nao huweza kufanywa upya hadi miaka mitano. Saa za kazi kwa kawaida ni 35 kwa wiki. Nauli ya ndege ya kwenda hulipwa na mwajiri, na ya kurudi pia kwa anayetimiza masharti. Mwombaji huruhusiwa kutaja maeneo anayopendelea, lakini hana hakika ya kupelekwa huko. Wengi huishia katika miji midogo na vijiji vya wavuvi na wakulima, ambako basi hupita mara chache kwa siku na shule iko upande wa pili wa bonde.

NANI HUKUBALIWA?

Hapa ndipo Mkenya anapopaswa kufungua macho. Si kila nchi ya Asia inayotafuta walimu wa Kiingereza humtambua kila ajuaye Kiingereza. Korea Kusini, kwa mfano, kwa kawaida hutoa viza ya ufundishaji wa lugha, iitwayo E-2, kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya mwenye shahada ya fasihi ya Kiingereza hunyimwa nafasi ambayo mhitimu wa uhasibu kutoka mojawapo ya nchi hizo huipewa. Kigezo hapo ni pasipoti, wala si ufasaha.

Japani ina kigezo tofauti. Pamoja na kudai shahada ya chuo kikuu, kanuni zake za uhamiaji kuhusu ualimu wa lugha humtaka mwombaji awe amepata elimu kwa lugha hiyo kwa miaka isiyopungua 12. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa na miaka 12 ya shule ya msingi na sekondari kabla ya chuo, lakini sera ya elimu ya Kenya huruhusu lugha ya mazingira itumike kufundishia katika madarasa ya chini. Ni busara basi mwombaji ajipatie mapema barua kutoka shule alizosomea na chuo chake, zinazoeleza ni lugha gani iliyotumika kufundishia na kwa miaka mingapi. Barua kama hizo ni rahisi kuzipata mtu akiwa nyumbani kuliko akiwa kilomita 11,000 mbali.

Kuhusu JET, maombi hupitia ubalozi wa Japani katika nchi ya mwombaji. Kwa desturi hupokelewa miezi ya mwisho wa mwaka, mahojiano hufanyika mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na safari huwa Julai au Agosti. Mpango huo hauna ada ya maombi. Kwa hivyo, wakala yeyote anayedai fedha ili "kupitisha jina" ni tapeli. Anayetaka kujua kama nafasi zimetengewa nchi yake mwaka fulani aulize ubalozini Nairobi.

BAISKELI INAMFAA NINI MGENI

Tatizo kubwa la mwalimu mgeni kijijini aghalabu huwa upweke. Jioni akifunga mlango wa nyumba yake, lugha ya televisheni haielewi, majirani ni wazee wenye haya, na wenzake wa shule wamebaki kazini hadi usiku. Siku nenda siku rudi, huanza kujiona kama kinasa sauti kinachowashwa darasani na kuzimwa kengele ilipopigwa.

Baiskeli humtoa katika hali hiyo. Kwanza, humpa mada ya kuzungumza na watu bila kuhitaji sarufi nyingi: tairi, breki, mlima na mvua hueleweka kwa ishara. Pili, humkutanisha na wenyeji wenye uraibu uo huo, ambao kwao yeye si "mwalimu wa Kiingereza" bali ni mwenzao anayetweta kwenye mteremko uleule. Tatu, wanafunzi humwona nje ya darasa, humpungia mkono, na siku inayofuata huwa na la kumwuliza kwa Kiingereza.

Mkenya anayo faida ya ziada. Jina la nchi yake si geni huko. Douglas Wakiihuri alihamia Japani mwaka 1983 akajifunza huko hadi akawa bingwa wa dunia wa marathon mwaka 1987, naye Samuel Wanjiru alisoma shule ya upili mjini Sendai kabla ya kushinda dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008. Mwalimu kutoka Kenya atarajie kuulizwa kama anakimbia. Akijibu kwamba yeye ni wa baiskeli, mazungumzo yatakuwa yameanza.

Isitoshe, Japani ni nyumbani kwa ufundi wa baiskeli. Kampuni ya Shimano, ambayo gia na breki zake zimefungwa katika baiskeli za kila pembe ya dunia, ilianzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai, karibu na Osaka. Vipuri hupatikana kwa urahisi. Linalowasumbua wageni warefu ni kimo: baiskeli za kawaida zinazouzwa madukani, zenye kikapu mbele na keria nyuma, zimeundwa kwa ajili ya watu wafupi kidogo.

SHERIA ZISIZO NA MZAHA

Mkenya ataona nafuu moja mara moja: Japani, kama Kenya, magari hupita upande wa kushoto. Lakini asije akadhani mengine yote yanafanana. Kisheria, baiskeli huko ni gari jepesi. Hupaswa kupita barabarani upande wa kushoto, wala si kwenye njia ya waendao kwa miguu, isipokuwa palipowekwa alama ya kuruhusu au kwa sababu maalumu kama vile umri wa mwendeshaji au hatari iliyo wazi. Penye taa za barabarani, anayetaka kukata kulia hakati moja kwa moja. Huvuka kwanza hadi upande wa pili, akageuka, akasubiri taa ya upande huo, ndipo akaendelea.

Kubeba mtu mzima nyuma, jambo ambalo mpakani Busia lilizaa neno "bodaboda" na kulisha familia nyingi, huko ni kosa. Vilevile ni kosa kuendesha bila taa usiku, kupanda baiskeli isiyo na breki ya mbele na ya nyuma, au wawili kwenda sambamba wakipiga soga.

Adhabu zimezidi kuwa kali. Tangu Aprili 1, 2023, waendeshaji wa umri wote hutakiwa kujitahidi kuvaa helmeti, ingawa hakuna faini kwa asiyevaa. Kuanzia Novemba 1, 2024, anayeendesha baiskeli huku ameshika simu anaweza kufungwa hadi miezi sita au kutozwa hadi yen 100,000. Anayeendesha akiwa na kileo mwilini kupita kiwango kilichowekwa anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa hadi yen 500,000. Kisha, kuanzia Aprili 1, 2026, ukaanza utaratibu wa faini za papo hapo kwa waendeshaji wa miaka 16 na zaidi: kwa mfano yen 12,000 kwa kutumia simu na yen 6,000 kwa kupuuza taa nyekundu.

Kwa mwalimu, faini yenyewe huenda ikawa ndogo kuliko aibu yake. Katika mji mdogo ambako mgeni ni mmoja au wawili, kosa lake la jioni hujulikana shuleni asubuhi. Anayepatikana na kosa la ulevi barabarani huhatarisha mkataba wake.

Jambo jingine ni usajili. Kila baiskeli hutakiwa kuandikishwa dhidi ya wizi, na kubandikwa kibandiko chenye nambari. Ada yake ni ndogo, yen mia chache tu. Askari wa Japani wana desturi ya kumsimamisha mwendeshaji, hasa usiku, na kulinganisha nambari hiyo na jina lake. Tanzi huwa hapa: walimu wanaoondoka huwaachia wanaowafuata baiskeli zao, na wapokeaji hukosa kubadilisha jina. Mgeni asiyejua Kijapani hujikuta kituoni akieleza kwa mikono kwamba hakuiba. Dawa ni rahisi. Anayepewa au kuuziwa baiskeli kuukuu adai hati ya usajili na barua fupi ya kukabidhiwa iliyotiwa sahihi, kisha aende dukani kuandikisha upya kwa jina lake.

BIMA: FUNZO LA KOBE

Mwaka 2008 mjini Kobe, mvulana wa miaka 11 akiendesha baiskeli alimgonga mwanamke aliyekuwa akitembea, naye akapoteza fahamu asizinduke. Mwaka 2013 mahakama ya Kobe iliamuru mama wa mtoto huyo kulipa fidia ya yen zipatazo milioni 95. Hukumu hiyo iliishtua nchi nzima. Mwaka 2015 mkoa wa Hyogo, ambao Kobe ni makao yake makuu, ukawa wa kwanza kulazimisha kila mwendeshaji baiskeli kuwa na bima ya kufidia atakaowajeruhi, na mikoa mingi imeufuata.

Mwalimu mgeni hana budi kuitafakari habari hiyo. Bima ya afya apewayo kazini humlipia sehemu kubwa ya matibabu yake mwenyewe, kwa kawaida asilimia 70. Haimlipi bibi kizee aliyegongwa kwenye kona. Bima ya baiskeli yenye kufidia mtu wa pili huuzwa kwa bei nafuu, nayo ni kitu cha kununua siku ileile baiskeli inaponunuliwa. Aidha, waajiri wengi hutaka mfanyakazi aandikishe njia na chombo anachotumia kwenda kazini. Aliyeandika kwamba huja kwa basi, akaumia njiani akiwa juu ya baiskeli, atakuwa na kazi ngumu ya kudai haki zake.

NJIA NA MAJIRA

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Usemi huo hulifaa barabara la madaraja liitwalo Shimanami Kaido, lililofunguliwa Mei 1999. Njia yake ya baiskeli ya kilomita zipatazo 70 hutoka Onomichi, mkoani Hiroshima, hadi Imabari katika kisiwa cha Shikoku, ikipitia visiwa sita. Waundaji waliweka vijia vya baiskeli kando ya madaraja na kuifanya miinuko yake iwe ya polepole, kiasi kwamba hata asiye mwanariadha hupanda bila kushuka. Mstari wa buluu uliochorwa barabarani humwongoza msafiri. Daraja la Tatara lina urefu wa mita 1,480, nayo madaraja matatu yanayofuatana ya Kurushima hufikia kilomita nne juu ya mkondo mkali wa bahari.

Mwaka 2019 serikali iliteua njia hiyo kuwa miongoni mwa njia tatu za kwanza za kitaifa za baiskeli. Nyingine ni ile ya kulizunguka Ziwa Biwa, lililo kubwa kuliko yote nchini humo, mzunguko wa kilomita zipatazo 200, na ile ya Tsukuba na Ziwa Kasumigaura kaskazini mashariki mwa Tokyo.

Kuzifikia si shida kwa anayeishi mbali. Reli za JR huruhusu baiskeli ndani ya gari moshi bila malipo, mradi imekunjwa au magurudumu yamefunguliwa, na yote ikatiwa ndani ya mfuko maalumu. Baiskeli isiyo ndani ya mfuko haipandi. Anayejifunza kufungua na kufunga gurudumu kwa dakika kumi amejifungulia nchi nzima kwa siku zake za likizo.

Majira nayo yana sheria zake. Katika sehemu kubwa ya nchi, mvua za masika yao hunyesha Juni hadi katikati ya Julai. Joto la Agosti huweza kupita nyuzi 35, na kuanzia hapo hadi Oktoba ni msimu wa tufani. Hokkaido na pwani ya magharibi hufunikwa na theluji wakati wa baridi. Mtu wa Ikweta, aliyezoea jua kuzama karibu na saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, hushangazwa zaidi na mwanga. Jijini Tokyo mwezi Juni jua huchomoza yapata saa kumi na nusu alfajiri, ilhali mwezi Desemba huzama yapata saa kumi na nusu jioni. Mwenye kutegemea matembezi ya baada ya kazi atajikuta gizani kwa miezi kadhaa. Barabara za milimani zina mahandaki marefu na membamba, kwa hivyo taa ya nyuma ni ya lazima hata mchana.

USIUGEUZE URAIBU KUWA BIASHARA

Kishawishi kimoja kimewaponza wageni wengi duniani, nacho ni kazi ya pembeni. Miji ya Japani ina waendesha baiskeli wanaosambaza vyakula kwa malipo, na mwalimu mwenye miguu yenye nguvu huweza kudhani amepata shilingi mbili kwa jasho moja. Viza ya ualimu ni ya ualimu. Kufanya kazi nyingine ya malipo huhitaji kibali cha idara ya uhamiaji, na mikataba mingi ya walimu hudai pia ruhusa ya mwajiri. Anayekiuka huhatarisha kufukuzwa nchini.

La mwisho ni kuhesabu mwisho. Miaka mitano ya JET ndiyo kikomo, na msaidizi wa lugha hapandi cheo hadi kuwa mwalimu mkuu. Anayerudi na picha za madaraja pekee atakuwa amefurahi, lakini atakuwa amechelewa. Wenye busara hutumia miaka hiyo kujifunza Kijapani na kufanya mtihani wa taifa wa lugha hiyo, kuweka akiba, na kuendelea kusoma. Kijapani chenyewe hakijifunzwi chote darasani. Kingi hupatikana kwenye karakana ya fundi mzee wa baiskeli, anayetaja jina la kila spana huku mgeni akirudia.

Kwa anayefikiria safari hiyo, orodha ya mambo ya kwanza ni fupi: cheti cha shahada, barua za lugha ya kufundishia, swali moja ubalozini. Akishafika, kabla ya kupiga pedali mara ya kwanza, aulizie mambo mengine matatu: usajili wa baiskeli, bima ya mtu wa pili, na taa mbili zinazowaka.